Nuhu Juu ya Meza ya Forodha

Saa mbili na dakika ishirini asubuhi, siku ya Alhamisi, afisa wa forodha alimwinua Hera kwa mkono mmoja, akamgeuza miguu juu, akamtazama bundi aliyetua begani mwake, kisha akanitazama mimi. Akarudi kwenye karatasi yangu. Katika kazi yetu afisa anayepiga kelele hana madhara makubwa. Wa kuogopa ni yule anayenyamaza na kurudi kuisoma karatasi yako kuanzia mstari wa kwanza.

Huyo Hera alikuwa sanamu ya shaba nyeusi, urefu sentimita ishirini na nne, uzito kilo moja na gramu mia sita. Vipimo hivyo vilikuwa sahihi. Navikumbuka mpaka leo kwa sababu katika mstari ule hakukuwa na kingine kilicho sahihi.

Nawaandikia ninyi vijana mnaoanza kazi ya uwakala wa forodha sasa, mkiwa na kompyuta inayowauliza maswali na kukataa kuendelea mpaka mmejibu. Sisi hatukuwa na mashine ya kutukataza. Mwishoni mwa miaka ya tisini, pale Gisenyi, mpakani mwa Rwanda na Goma, kazi ilikuwa taipureta moja, karatasi nne zilizopangwa na kaboni katikati, mhuri, na mwili wako mwenyewe kutembea hadi Grande Barrière, kizuizi kikuu cha mpaka, na kurudi. Ukikosea herufi kwenye nakala ya kwanza, umekosea mara nne. Nakala ya nne ilikuwa hafifu kiasi kwamba kosa lilionekana pale tu lilipokuwa linakudhuru.

Kazi hii sikuisomea. Nilikulia Tanzania, nikajifunza kupokea mizigo kwenye ghala la kampuni ya malori, na niliporudi nyumbani na ndugu zangu baada ya vita nilikuwa na vitu viwili vya kuniombea kazi: Kiswahili safi na mwandiko unaosomeka. Aliyenifundisha yaliyobaki ni Mzee Kasiani. Alikuwa wakala pale mpakani tangu ujana wake, na alikuwa na pua iliyoweza kutofautisha unga wa muhogo na unga wa mahindi gunia likiwa limefungwa. Kanuni yake ilikuwa moja. "Andika kwa ajili ya mtu atakayekipapasa kitu hicho gizani," alisema. "Ni kikubwa kiasi gani, kimetengenezwa kwa nini, viko vingapi. Basi. Habari za ukoo wake mwachie mwenye mali."

Mzee Kasiani aliniambia hivyo siku niliyoandika "jokofu moja, tupu" kwa kuwa mwenye jokofu aliniapia kwamba ni tupu. Lilikuwa na sambaza, wale dagaa wa ziwani, kilo kumi na moja, na safari ilikuwa imechukua siku mbili. Tulijua kwa pua kabla ya kujua kwa macho. Tangu siku hiyo nilikuwa nafungua kila kitu chenye mlango, hata kabati za watoto, na nilijiona nimehitimu. Mtu anayejifundisha mwenyewe ana hatari hiyo: hakuna wa kumwambia kwamba bado yuko darasani.

Sasa turudi kwa Hera na jinsi alivyofika mezani.

Jumanne ya wiki ile alikuja ofisini kwangu mama mmoja wa makamo aitwaye Dafroza. Alikuwa amevuka kutoka Goma na kreti la mbao juu ya chukudu ya kukodi, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, limefunikwa blanketi mbili kana kwamba ndani kuna mgonjwa. Alikuwa amempikia na kumsafishia nyumba Mgiriki mmoja mfanyabiashara kwa miaka ishirini. Mgiriki huyo alichoka na vita, akauza alichoweza kuuza, akapanda ndege, na badala ya kiinua mgongo akamwachia mpishi wake sanamu kumi na mbili za shaba zilizokuwa sebuleni, pamoja na barua aliyoitia sahihi. Barua ilisema: sanamu kumi na mbili za mapambo, mali ya Dafroza kuanzia leo.

Mama Dafroza alikuwa amepata mnunuzi hapa kwetu, Bwana Tarisisi, aliyekuwa anafungua nyumba ya wageni karibu na ziwa siku ya Jumamosi. Bwana Tarisisi alitaka sanamu zake Ijumaa kabla ya saa sita mchana. Zikichelewa, alikuwa na mtu wa Kigali aliyekuwa tayari kumletea simba wa udongo. Na Mama Dafroza hakuwa na muda wa kutafuta mnunuzi mwingine. Alikuwa amesimamisha kuta za nyumba yake kule Nyakiriba, kuta za matofali mabichi ya udongo, na juu hakukuwa na kitu. Mvua za Septemba zilikuwa zimeanza.

"Kila jioni naenda kuangaria," aliniambia kwa Kiswahili cha Goma, ambamo bwana ni Musiye na watu ni batu. "Ile kona ya chumba ya kulala tayari inakuwa duara. Musiye, mi nataka mabati. Hii batu ya shaba ikipita, mi napata mabati."

Tulizitoa moja moja na kuzipanga sakafuni. Nilifanya kazi yangu vizuri, na nasema hivyo bila kujisifu kwa kuwa sehemu ya kujisifu ndiyo iliyoniponza. Ukiletewa sanamu na kuambiwa ni ya shaba, kwanza weka sumaku. Ikinata, ni chuma kilichopakwa rangi, na mteja wako ametapeliwa au anakutapeli. Isiponata, usifurahi bado. Iinue. Shaba nyeusi, yaani shaba nyekundu iliyochanganywa na bati, ni nzito kuliko macho yanavyotegemea, hata ikiwa na uwazi ndani. Igonge kwa ukucha. Ya kweli hulia na kuendelea kidogo kama kengele yenye haya, ile ya zinki hulia mara moja na kufa. Mwisho, pindua, utafute mahali chini ya kitako pasipoonekana na mtu, ukwaruze kidogo kwa ncha ya msumari. Ukiona rangi ya dhahabu inayoelekea wekundu, andika. Ukiona kijivu, funga kreti.

Zote kumi na mbili zilikuwa za kweli. Nilipima kila moja kwa rula na kwa mizani. Hapo nilipaswa kunakili barua ya yule Mgiriki kama ilivyo, kuongeza vipimo, kugonga mhuri na kwenda kula. Ushuru wake ulihesabiwa kwa thamani na aina ya kitu. Majina hayakuongeza wala kupunguza faranga moja.

Lakini mimi nilikuwa na kamusi.

Ilikuwa kamusi nene ya Kifaransa yenye picha ndogondogo na majina ya watu wa kale. Niliinunua soko la Mahoko kwa mama muuza karanga, ambaye alikuwa anachana kurasa zake kufungia bidhaa. Alikuwa ameanza mwanzo kama mtu mwenye utaratibu, na nilipomkuta alikuwa amefika katikati ya herufi E. Nililipia iliyobaki. Kwa mwaka mzima nilikuwa nasoma ukurasa mmoja kila siku kabla ya kazi, na kama ungeniuliza habari yoyote kuanzia E hadi Z, ningekuwa na jibu.

Kwa hiyo nilimwona mwenye radi mkononi, nikamfungua kwenye Z: Zeus. Mwenye uma wa meno matatu: Poseidon, mungu wa bahari. Kijana mwenye mabawa miguuni: Herme. Mwenye rungu na ngozi ya simba: Herakle. Mwenye nyundo, Hefesto. Mwenye kushika kichwa cha mwanamke mwenye nywele za nyoka, Perse. Sita, zote zikiwa na picha na maelezo. Niliwahi kufurahi katika kazi ile, lakini si kama siku hiyo.

Mama Dafroza alikuwa ameketi kwenye kiti cha wateja akinitazama.

"Musiye, unafanya nini?"

"Naandika majina yao."

"Miaka makumi mbili nilikuwa napanguza hii batu. Hakuna hata mumoja aliniuliza kama najua jina yake. Andika tu vitu vya juu ya meza."

"Mama, vitu vya juu ya meza vinaweza kuwa hata visahani. Mimi sifanyi kazi hivyo."

"Bon," alisema, yaani haya basi, akakunja mikono kifuani. "Kazi ni yako."

Zilibaki sita. Ninyi mliosoma shule kamili mmeshajua tatizo. Mimi sikulijua. Sikuwa na habari kwamba sehemu kubwa ya miungu wa Kigiriki imejazana katika herufi A na D, na kwamba kwa wakati ule walikuwa wametawanyika Mahoko nzima, wamefungia karanga. Mimi niliamini kwamba mtu yeyote wa maana lazima awemo katika kurasa zangu. Nikatafuta kwa utaratibu. Mwanamke mwenye kofia ya vita, mkuki, na bundi begani, mwenye sura ya kuamrisha: nikasoma kwamba Hera alikuwa malkia wa miungu, nikaridhika. Kijana mwenye kinubi: Orfe, mpiga kinubi maarufu. Askari mwenye mkuki: Hekta. Mwanamke mzuri asiye na nguo: Heleni, aliyeleta vita kwa uzuri wake. Mwanamke mwenye mganda wa ngano alinisumbua karibu saa nzima, mpaka nikamkumbuka Ruthu aliyeokota masuke, na R nilikuwa nayo.

Wa mwisho alikuwa mwanamume mnene kidogo, uchi, mwenye vichala vya zabibu kichwani na kikombe mkononi, macho yamelegea. Nilipitia kamusi mara mbili. Kisha nikaona: Nuhu. Mtu wa kwanza kupanda mizabibu, akanywa, akalala uchi, kama tulivyofundishwa wote kanisani. Niliona ajabu kidogo kwamba Wagiriki walikuwa na Nuhu, lakini nikajiambia kuwa gharika ilikuwa ya dunia nzima.

Niliandika kiambatisho cha kurasa mbili. Kila sanamu ilikuwa na namba, jina, cheo, uzito na urefu. Kiligongwa mhuri na kuwa sehemu ya tangazo la bidhaa, ile karatasi ya kuwaambia forodha kilichomo. Jumatano nilikiwasilisha. Alhamisi, saa mbili na dakika ishirini, tukawa mezani.

Afisa aliyepangiwa kuhakiki aliitwa Benon. Alikuwa kijana wa miaka kama thelathini, aliyerudi kutoka Uganda, mpole, mashati yake yamepigwa pasi, na sikuwahi kumsikia akiomba mtu chochote. Alimweka Hera chini taratibu.

"Mzee, huyu ni nani?"

"Hera. Namba saba."

"Hapana. Huyu ni Athena, mungu wao wa akili. Shule yangu kule Uganda ilikuwa na huyu bundi kwa beji. Miaka sita nimemvaa hapa." Akajigusa kifuani. "Wewe umetangaza Hera. Wapi Hera?"

"Ndiye huyo."

"Huyo ni Athena. Sasa mimi niko na shida mbili. Hera ametangazwa, hayuko. Athena yuko, hajatangazwa."

Akaendelea. Mwenye kinubi kwake alikuwa Apolo. Mwenye mkuki, Ares. Alikuwa anajua, si kama mimi kwa kusoma ukurasa mmoja kila asubuhi, bali kama mtu aliyechapwa fimbo kwa kutojua. Alipofika kwa mnene mwenye zabibu alisoma karatasi, akaisoma tena, akaita mwenzake wa meza ya pili.

"Njoo uone. Mungu wa mvinyo ameandikwa Nuhu."

Mwenzake alikuja, akainama. "Na safina iko wapi?"

"Hii ni baada ya gharika," nilisema.

Walicheka mpaka mawakala wa foleni ya nyuma wakasogea. Mimi nilibaki nimesimama, nikieleza habari za shamba la mizabibu. Naona aibu kuwaambia kwamba nilimtetea Nuhu kwa robo saa nzima. Benon alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniambia, "Profesa, mimi sina ugomvi na wewe. Ugomvi uko kwa karatasi. Sita hazifanani na kilichoandikwa."

Alikuwa sahihi. Kwa miaka mitano nilikuwa nawakemea wateja kwa kutofautiana na karatasi zao, hata kwa sufuria moja. Sasa nilikuwa nimekamatwa na mtu wa aina yangu mwenyewe.

Alinipa njia mbili. Ya kwanza: kama nashikilia kwamba tangazo langu ni sahihi, faili litaandikwa kuwa bidhaa hazilingani na tangazo, litapelekwa Kigali, na kreti litakaa ghalani mpaka jibu lije. Hakujua ni lini. Huenda wiki tatu. Ya pili: niandike kwa mkono wangu kwamba kosa ni la wakala na si la mwenye mali, nilipe faini mimi mwenyewe, na barua hiyo ibaki kwenye faili langu. Kisha niwasilishe karatasi mpya, na mzigo uondoke.

Vijana, hesabu hiyo inaonekana rahisi mkiisoma. Faili langu lilikuwa safi. Mawakala pale tulikuwa wengi, na wateja wakubwa, wale wa malori, walikuwa wanauliza kwanza nani hana barua ya kosa. Niliomba muda. Nilikaa kwenye benchi la nje kuanzia saa tatu hadi karibu saa saba, na kamusi mapajani, nikitafuta ukurasa mmoja ambao ungethibitisha kwamba Hera alifuga bundi. Nilikuwa nimeshajua kwamba haupo. Nilikuwa nautafuta tu.

Mama Dafroza alikuja na kusimama mbele yangu. Mawingu yalikuwa yameshuka upande wa milima.

"Musiye, iko nanyesha ku Nyakiriba."

"Naona, mama."

"Bado unasoma?"

"Nataka kuhakikisha jambo moja."

"Ile mvua haijue kusoma." Hakupaza sauti. "We unaogopa barua moja ikae ndani ya kabati. Mi kuta yangu inarudi kuwa udongo. Sema, kati yetu nani anaogopa kitu ya kweli?"

Nilifunga kamusi. Tuliingia wote wawili, na nikamwomba Benon kalamu. Niliandika: "Mimi niliyetia sahihi hapa chini nakiri kwamba sijui majina ya sanamu hizi, na kwamba niliyaandika bila kuulizwa." Benon alisoma, akasema sehemu ya mwisho si lazima. Nikamwambia aiache.

Karatasi mpya tuliiandika pale pale mezani. Nilimwomba Mama Dafroza anisemee, mimi nichape. Alitoa kitambaa kwenye blauzi, akawa anamshika kila mmoja na kumpanguza huku anasema. Aliwafahamu kwa namna ambayo kamusi yangu yote, hata kama ingekuwa kamili, isingenipa.

"Huyu ni mama ya bundi. Angaria mukuki yake, inatoka, unazungusha kushoto. Ukipanguza bila kuitoa, itakuchoma. Huyu muzee ya radi, kidole ya mwisho ya muguu iliisha kupotea, mutoto wa patron, ule Mugiriki, aliangusha. Huyu munene wa kikombe, vumbi yote inapenda kukaa ndani ya kikombe. Kila Jumamosi unamugeuza."

Benon aliangalia kidole cha Zeus, kweli hakikuwepo. Alichomoa mkuki, ukatoka kwa kuzungushwa kushoto. "Andika hivyo," aliniambia. Nikaandika: sanamu ya shaba nyeusi, mwanamke mwenye bundi, mkuki unachomoka. Mwanamume mwenye kikombe. Mwanamke mwenye ngano. Yalikuwa maneno ambayo mtu angeweza kuyathibitisha kwa kupapasa gizani. Uhakiki ulichukua dakika kumi na nane, na hakuna aliyecheka.

"Na bundi ndani ya nyumba," alisema mwenzake wa meza ya pili kwa kuaga, "halafu mnasema huyo mwanamke ndiye ana akili?"

"Hakuniletea ubaya hata siku moja," Mama Dafroza alimjibu. "Patron ndiye alikuwa analeta ubaya."

Ijumaa saa nne na nusu tulikuwa kwa Bwana Tarisisi. Nyumba ilikuwa inanukia rangi mbichi, na barazani, upande wa ziwa, kulikuwa na meza kumi na mbili zenye vitambaa vyeupe vilivyokuwa vinapepea kama vinataka kuondoka. Bwana Tarisisi alifungua kreti, akamwinua Poseidon, akampima mkononi.

"Wote ni wazito hivi?"

"Mwepesi kuliko wote ni kilo moja na gramu mia mbili," nilisema.

Akamweka katikati ya meza ya kwanza. Kitambaa kikatulia. Akaenda ya pili na mwenye bundi, ya tatu na mwenye nyundo, mpaka meza zote kumi na mbili zikanyamaza. "Upepo wa ziwa hili ulikuwa unanitesa," alisema. "Simba wa udongo wangevunjika." Sikumsikia akiuliza jina la yeyote. Alihesabu noti mbele yangu, faranga laki moja na elfu themanini, na Jumatatu Mama Dafroza alikuwa juu ya kuta zake na fundi, akimwelekeza wapi pa kupiga misumari. Kona ya chumba cha kulala ilibaki duara. Alisema ni nzuri, haimgongi mtu gizani.

Wateja wawili wa malori waliniacha mwaka ule, nikawapata wengine wadogo. Barua yangu iko kwenye faili mpaka leo kama faili halijaliwa na panya, na kila nilipoanza kuandika neno ambalo sikuulizwa, niliikumbuka. Kwa miaka yote iliyofuata hadi nilipoacha kazi, sikupata ya pili.

Ada yangu ilikuwa faranga elfu sita. Sikuidai. Mama Dafroza alikuja mwenyewe ofisini wiki iliyofuata, akaketi kwenye kiti cha wateja, akaweka elfu tatu mezani.

"Karatasi ya pili uliandika muzuri," alisema. "Ile ya kwanza silipe."

Niliona ni haki, nikampa risiti. Faini ilikuwa faranga elfu kumi na nane na mia nne. Ukiondoa elfu tatu hizo, nilipoteza faranga elfu kumi na tano na mia nne.